Mwaka Tuliolala Kikaushioni

Sebuhoro amekufa. Binti yake mukubwa njo alinipigia simu kutoka Nyamitaba, asubuhi, wakati nilikuwa napima mbao kwenye depo yangu hapa Kashebere. Sauti yake ilikuwa inakatika-katika kwa sababu ya mutandao, lakini nilisikia vizuri: "Papa Safari, muzee ametuacha." Nikamuuliza amekufa na nini. Akasema, "Na kuchoka, Papa." Sikuuliza tena. Muntu aliyekimbia vita akalala chini ya shitingi, turubai la wakimbizi, mu matope, akarudi kwake akakuta nyumba haina mulango wala bati, zizi halina ng'ombe hata moja, kisha akashika jembe upya na mikono ya uzee, huyo hana haja ya kutafuta ugonjwa ili afe. Nilifunga depo. Vijana wangu waliangaliana, maana hawajaona nikifunga depo kwa kilio cha muntu yeyote. Hata siku mvua ilipobeba daraja nilifungua. Mimi siyo muntu wa kulialia. Nilianza na musumeno wa kuazima, leo niko na nyumba ya matofali, watoto wangu wote wamesoma, na kwenye chama cha watu wa mbao nikikohoa wengine wananyamaza. Sina aibu ya kusema hayo, sikupewa na muntu. Lakini siku ile niliketi juu ya rundo la mbao za muti wa libuyu, na mwaka moja ukanirudia wote, na harufu yake, na baridi yake. Ule mwaka sikuwahi kuuongea nyumbani. Wazee walionikataza kuuongea wamekwisha kufa. Wale tuliotahiriwa nao kambini nao wamekwisha, wengine na magonjwa, wengine na risasi. Sasa Sebuhoro naye. Kwa hiyo naandika, na mukono wangu mwenyewe. Kama Kiswahili changu kinachechemea, musomaji anisamehe ao aache kusoma.

Nilikuwa kijana wa ndevu za kwanza. Nilikuwa nimemaliza shule ya musingi, na kwetu ile ilikuwa kitu kikubwa. Mwaka ule tulifaulu mimi na Bwira peke yetu. Bwira alikuwa mwenzangu wa kambi. Hapa lazima nieleze, kwa sababu bila hiyo musomaji hataelewa kitu. Kwetu porini, upande wa Walikale, wakati ule mutoto mwanaume alipelekwa msituni pamoja na wenzake kutahiriwa, na walikaa mule kambini mupaka wapone na wafundishwe. Mukiingia pamoja, mukitoka pamoja, munakuwa zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Sahani ya mumoja ni ya mwingine. Mumoja akilala njaa, mwingine hawezi kusema ameshiba. Mimi na Bwira tulilala bega kwa bega ndani ya kambi, na mujomba wangu Lukeba njo alikuwa mukubwa wa kambi ile. Bwira alikuwa mwembamba, mwenye kucheka, na mwenye akili ya vitabu kunishinda. Mimi nilikuwa na nguvu ya mabega. Tulipanda kwenda kolezi, shule ya sekondari ya wapadri, kule milimani, Masisi, tukiwa na magodoro yetu ya majani kichwani, nyama ya kukausha ndani ya mufuko, na chupa ya mawese ambayo ilivuja ikaharibu shati langu jeupe kabla hatujafika. Nilitaka nini kule? Nilitaka kuwa mwalimu. Nilikuwa nimeona mwalimu wetu akishika chaki, watu wazima wakimupisha njiani, na nikasema: hii njo kazi yangu. Hakuna kitu kingine nilichokitaka vile tena, hata hii nyumba ya matofali.

Kolezi ilikuwa zamani shamba la wazungu wa kinkina, ule muti ambao maganda yake ni dawa ya malaria. Wapadri walipopewa mahali hapo waliacha majengo vile yalivyokuwa na wakaongeza mengine. Padri Prefe, mukuu wa shule, alitupokea uwanjani ndani ya ukungu, akiwa na kofia ya sufu hadi masikioni. Hakuwa muntu mubaya, lazima niseme hivyo. Alisimama juu ya ngazi akatupa neno lake: "Banafunzi ba mwaka wa kwanza, dortwari iko mbili. Hapa hatumulazimishe muntu. Kila moja atachagua fasi yake yeye mwenyewe mbele kengele ya chakula ilie. Ila ukishaweka godoro lako, njo imeisha, hauhami mupaka mwaka uishe. Mutu anahama-hama haezi soma." Basi tukaanza kuzunguka tukiangalia, na magodoro kichwani, sawa watu wanaotafuta kiwanja.

Dortwari, njo bweni la kulala, ile ya juu wapadri waliijenga wenyewe. Kuta za chokaa, sakafu ya simenti, madirisha ya vioo ambayo yaliona malisho mupaka mbali, na harufu ya rangi, maana waliipaka upya kila mwaka. Vitanda vilikuwa vya chuma, vya kupandana, kimoja juu ya kingine na ngazi katikati. Sikuwa nimewahi kuona kitanda cha namna hiyo. Watoto wa milimani, ambao kwao ni karibu, walikuwa wamefika mapema, na wote walikuwa wamechukua vitanda vya juu. Walikuwa wamekaa kule miguu inaning'inia, wanakula jibini na kutuangalia. Dortwari ya chini ilikuwa kikaushio cha zamani, lile banda la mbao ambamo walikuwa wanakausha maganda ya kinkina. Sakafu udongo. Paa refu lisilo na dari. Vumbi la maganda lilikuwa limeingia ndani ya mbao, ukigusa ukuta na ukalamba kidole unasikia uchungu. Upande moja ukuta wake ulikuwa ni ukuta wa jiko, kwa hiyo moshi wote wa bugali na maharagi ulipitia humo kabla ya kwenda mbinguni. Vitanda vilikuwa mbao zilizolazwa juu ya mawe, zote kimo kimoja. Na mule njo walilala watoto wote wa porini, kutoka mwaka wa kwanza mupaka wa sita, miaka na miaka. Hakuna hata moja wao aliyelala juu.

Wakati tulikuwa bado tumesimama mulangoni mwa dortwari ya juu, kijana moja wa shingo ndefu alitupigia kelele kutoka kitanda cha juu, kwa roho safi kabisa: "Eh, weye wa shati ya mawese! Kuya hapa! Hapa chini yangu iko bule, dirisha iko karibu. Miye siko na kojoa kitandani, usiogope!" Wenzake wakacheka. Huyo njo alikuwa Sebuhoro. Nilimupenda mara moja, na nilimugeuzia mugongo.

Tulikuwa na sharti. Nililisema miaka mingi iliyopita, na lilinigharimu, kwa hiyo kulirudia hapa hakuongezi kitu. Kambini tulifundishwa kwamba muntu aliyepita kambi halali chini ya muntu asiyepita. Asiyepita asiwe juu yako wakati umelala, hata akiwa upande mwingine wa nyumba ile ile. Ukivunja hilo, nguvu yako inashuka, na ya wenzako inashuka na yako. Wale watoto wa milimani walikuwa wakristo sawa na sisi, wengine walitahiriwa hospitalini na muganga wa koti jeupe, wengine bado, lakini kambini hakuna aliyepita. Na sharti lile lilifungwa na lingine, kali zaidi: ya kambi hayasemwi mbele ya wasiopita. Kwa hiyo hatukuweza kulala pale, na hatukuweza kusema kwa nini. Wakubwa wetu wa mwaka wa sita walikuwa wanatungojea chini, mulangoni mwa kikaushio, hawakusema neno, walituonyesha tu kwa kidevu. Tukaweka magodoro. Bwira alinusa hewa akasema, "Safari, tutatoka humu tukiwa nyama ya kuuza soko ya Hombo." Nilicheka. Kengele ya chakula ikalia.

Sitasema miezi ya kwanza ilikuwa mibaya. Nilikuwa na kitabu changu cha kwanza cha Kifaransa, na nilikisoma mupaka ganda likatoka. Chakula kilikuwa maharagi na bugali ya mahindi, siku ya Mungu viazi na sombe ya majani ya muhogo. Tulikuwa tunakaa meza moja na Sebuhoro kwa sababu yeye alijilazimisha. Nyumbani kwao walimutumia maziwa ya kuganda ndani ya kibuyu, na sisi tulikuwa na nyama ya kukausha, akawa anabadilisha. "Leta huyo nyani wako," alisema. Bwira akajibu, "Siyo nyani, iko mbawala. Nyani njo ule anakunywa maziwa ya ng'ombe wakati ameshaota ndevu." Walikuwa wanatukanana hivyo kila siku, na kila siku walikaa pamoja. Kisha mvua ya milimani ikaanza. Ile mvua haipigi ikaondoka, inakaa kama mugeni asiyejua kuaga. Maji yalipita chini ya ukuta wa kikaushio, sakafu ikawa tope, magodoro ya majani yakaanza kuoza chini yetu na kuota uyoga mweupe. Juu moshi, chini maji. Asubuhi kila muntu aliamka akikohoa, tulikuwa tunakohoa sawa jogoo wanavyojibizana. Wengine waliacha kukohoa ilipofika saa ya masomo. Bwira hakuacha.

Siku moja nilitumwa kuleta kuni, nikawa nyuma ya jiko, na nikasikia Padri Prefe anaongea na Mama Vumilia, mupishi wetu. Padri alikuwa amechoka, ilisikika. "Mama, hebu niambie weye. Nilisumbukia bitanda bile mwaka muzima, nikaandikia watu Ulaya. Sasa batoto ba pori banalala mu matope na bitanda ya chini iko bule. Kwa sababu gani?" Mama Vumilia alikuwa anasonga bugali, nilisikia mwiko unagonga sufuria. "Padri, bale banapendaka moshi. Kwao kila kintu inakaukia juu ya moto, nyama, samaki, mupaka bazee." Wote wawili wakacheka, Padri kicheko kidogo cha huzuni, na akasema, "Basi, kila muntu na desturi yake." Nilikuwa nimesimama na kuni mabegani. Mate yalinijaa mudomoni ya kusema. Nilimeza. Mimi muntu ambaye leo nikidharauliwa hata na komanda wa barrière, kile kizuizi cha njiani, namujibu pale pale, siku ile nilimeza, na nikapeleka kuni.

Bwira alianza kutema damu kabla ya Pasaka. Alikuwa anatemea ndani ya majani ya ndizi na kuyafunika, kama muntu anayeficha kitu kizuri. Walimupeleka dispanseri ya misioni, masista wakamupa dawa, akapata nguvu kidogo, akarudi, na alirudi wapi? Kikaushioni. Padri Prefe aliniita ofisini, mimi peke yangu, kwa sababu alijua tunakula sahani moja. Alisema, "Safari, navunja sharti yangu. Mwenzako ahamie juu leo. Na weye pia kama unataka. Sista amesema hii kifua haiwezi pona mu moshi." Nikanyamaza. "Unasikia? Natoa ruhusa." Alisimama, akanikaribia, nikaona macho yake yamejaa maji ya hasira. "Sema kintu! Uko na ulimi ao hauna? Munataka huyu mutoto akufe?" Niliangalia viatu vyake. Vilikuwa na tope la kikaushioni. Nikatoka, na nyuma yangu nilimusikia anamwambia mwalimu aliyekuwa pale, "Haba ni bichwa ngumu. Mungu anisamehe, ni bichwa ngumu."

Sebuhoro naye alikuja na njia yake. Alinivuta pembeni ya uwanja, penye ukuta wa kanisa. "Mimi minaona kama hamutaki chini. Sijue ni kwa sababu gani, na siulize. Basi weye kamata kitanda yangu ya juu, miye nitashuka." Huyo kijana alikuwa amekaribia kulijua jambo kwa kuangalia tu, bila kuambiwa. Nikamuuliza, "Na Bwira?" Akajikuna shingo. Wale wengine wa juu hawakutaka kushuka, alikuwa amewaomba. Kulikuwa na nafasi moja tu. Nilimupelekea Bwira habari, apande yeye, lakini hakuwa tena na nguvu ya kupanda ile ngazi. Alikuwa amelala upande, amejifunika blanketi langu na lake. "Enda," akasema. "Weye njo utakuwa mwalimu. Mimi nitakuwa nikikuangalia kutoka huku chini, nikikutolea ulimi." Nikamwambia anyamaze. Sikwenda. Kuna watu, hata mutoto wangu wa kwanza, wataniambia ningekwenda. Mutoto wangu hakulala kambini na muntu bega kwa bega. Nilikaa, na ningekaa tena.

Siku niliyofungua mudomo, ilikuwa saa ya chakula cha katikati ya mchana. Bwira hakuja mezani. Sebuhoro aliweka kibuyu cha maziwa mbele yangu kwa nguvu mupaka kikamwagika, akasema kwa sauti ya wote kusikia: "Munapenda tu mufe bule! Leo nimeenda kumuona, analala mu maji sawa chura! Niambie sababu, Safari. Kama iko sababu, niambie. Kama haiko, basi ninyi njo munamuua." Chumba chote kikageuka. Wakubwa wetu wa mwaka wa sita, kwenye meza ya mwisho, walikuwa wananiangalia, na mumoja akatikisa kichwa taratibu. Sijui ni nini kilinisimamisha. Sikuamua, miguu njo iliamua. Nikasema, kwa Kiswahili kifupi, mbele ya wote, mbele ya Mama Vumilia na Padri Prefe aliyekuwa ameshika kijiko: "Hatuwezi kulala chini ya muntu hajapita kambi. Njo ile. Tulikatazwa, na tulikatazwa kusema. Sasa nimesema."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa ninangoja kicheko, na kama kingekuja ningepigana. Sebuhoro akasema polepole, kama muntu anayehesabu hasara yake: "Ni ile tu? Lakini, Safari... bitanda bile bimefungwa na bulo, bile bya kuzungusha na ufunguo. Inafunguka."

Inafunguka. Kabla ya masomo ya mchana walikuwa wameleta funguo za chuma kutoka garaje, Padri Prefe mwenyewe amevua kanzu, watoto wa milimani wakashika huku na huku, na kitanda kimoja kimoja kikashushwa kikawekwa sakafuni. Kelele ya chuma ilisikika mupaka malishoni. Dortwari ilijaa ikabana, hapakuwa na mahali pa kupita, ilibidi uruke kitanda cha muntu ili ufike kwako, lakini wote walikuwa kimo kimoja. Kazi yenyewe ilichukua mchana moja. Nilimubeba Bwira mugongoni kutoka kikaushioni. Hakuwa na uzito tena. Nikamulaza karibu na dirisha, kwenye springi. Akajitikisa kidogo, akasema, "Hii kitanda inacheza sawa mutumbwi." Kisha akanishika shati. "Umesema?" Nikasema, "Nimesema." Akaniangalia muda murefu. Hakunilaumu na hakunishukuru. Alisema, "Watakufanya nini, Safari?" Nikamwambia hakuna atakayenifanya kitu. Sebuhoro alimunywesha maziwa kwa kijiko, na yale matusi yao ya nyani yakarudi, lakini ya sauti ndogo. Alilala pale siku chache, akiona malisho. Halafu damu ikaja nyingi, wakamurudisha dispanseri, na huko akafa asubuhi, wakati sisi tulikuwa kwenye somo la hesabu. Sista alikuja mulangoni mwa klasi, na sikungoja aseme.

Tulimushusha nyumbani na lori ya mbao. Mama yake alikuwa amekaa njiani, muntu alikuwa amekwisha kumufikishia habari, na alilia kwa sauti ambayo bado ninaisikia mvua inapokaza. Tulimuzika. Wakubwa wa mwaka wa sita nao walikuwa wameshuka, na walichosema kwa wazee kilifika kabla ya udongo kukauka juu ya kaburi. Wazee wakaketi nyumbani kwa mujomba Lukeba. Mimi niliambiwa ningoje nyuma ya nyumba, na ukuta wa miti na udongo hauzuii maneno. Nilisikia wakinitaja. Nilisikia sauti moja ikisema, "Alifungua mudomo mbele ya wasiopita, mbele ya padri, mbele ya mupishi mwanamuke." Nyingine, "Na kwa nini alifungua?" Wakamweleza mujomba mambo ya vitanda. Kisha nikasikia mujomba anauliza, na sauti yake ilikuwa ya muntu aliyepotea njia ndani ya shamba lake mwenyewe: "Kitanda cha kupandana njo nini?"

Wakamweleza tena, kwa mikono nafikiri, kitanda juu ya kitanda. Mujomba hakuwa amewahi kukiona. Hakuna muzee hata moja pale aliyekuwa amekiona. Akasema, "Nani aliwaambia kitanda? Sharti ni la utara. Ule utara wa kukaushia nyama, juu ya moto wa kambi. Mutoto hajapita asipande pale juu wakati wakubwa wamelala chini. Asiangushe nyama ya kambi. Njo ile. Mimi njo nilifundisha. Nani alisema kitanda?" Aliyesema kwanza kitanda, naona mimi, alikuwa mwanafunzi fulani wa zamani, ambaye hakuna aliyemukumbuka, aliyefika kule juu mugeni na mwenye woga, akaona chuma kimepandana, akaamua mwenyewe. Na waliokuja nyuma yake walimufuata, kwa sababu hakuna aliyeweza kuuliza. Kuuliza kungekuwa kusema. Nyuma ya ule ukuta niliteremka nikakaa chini, ndani ya majivu ya jiko. Bwira alikufa kwa sharti ambalo halikuwepo.

Nilifikiri wataniachilia. Sikuwa nimefunua sharti, nilifunua makosa. Lakini mujomba akasema, na alisema akiwa analia, nilisikia: "La kitanda halikuwa letu. Lakini yeye alipofungua mudomo, alijua ni letu. Mudomo ni mudomo. Akirudi kule na akawa muntu mukubwa, wadogo wake watasema: Safari alisema na akapata. Harudi. Nitamufundisha musumeno." Hakuna aliyepinga. Baadaye alitoka, akanikuta pale kwenye majivu, akajua nimesikia. Alikaa karibu yangu. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Hicho kitanda, ukiwa chini, unaona nini?" Nikamwambia, "Chuma, mujomba. Na godoro la mwenzako." Akatikisa kichwa, tukakaa. Wiki iliyofuata nilishika mupini wa musumeno upande moja na yeye upande mwingine, na mbao ya kwanza niliyopasua ilipinda sawa nyoka. Hizo zilizofuata zilinyooka. Mimi ni muntu wa kujifunza haraka.

Sebuhoro tulikutana tena sokoni Masisi, tukiwa watu wazima, yeye anauza maharagi, mimi mbao. Kila tulipokutana tulikula pamoja. Hatukuzungumza hata mara moja juu ya kolezi. Tulizungumza bei, mvua, watoto, njia gani imefungwa. Kwa hiyo nilikwenda kumuzika. Nyamitaba kulikuwa na watu wachache, wengi bado wamekimbia. Walitupa chakula ndani ya nyumba ile isiyo na milango, turubai inapigapiga badala ya bati. Karibu yangu aliketi muntu moja wa suti, mukubwa wa ofisi fulani, mutoto wa porini wa upande wetu kabisa, kijana kwangu. Alikuwa anasimulia kwamba alisoma kolezi ile, na marehemu alikuwa mwenzake wa zamani wa shule, wametofautiana miaka tu. "Tulilala vizuri, dortwari ya juu, kila muntu na kitanda yake, watu wa pori na watu wa milima wamechanganyika," akasema. "Ule Padri Prefe wa zamani alikuwa muntu wa akili sana. Inasemekana yeye njo alifikiri kushusha vitanda. Bila yeye mimi singekuwa hapa." Wengine wakasema, eeh, wapadri wa zamani. Binti ya Sebuhoro aliniongezea maharagi. Yule wa suti akanigeukia kwa heshima, akavuta kiti, akaona mikono yangu na saa yangu, hakujua aniweke wapi.

"Na weye, Papa, ulisomea wapi?"

Nilimeza kile kilichokuwa mudomoni.

"Sikusoma," nikasema.